Wagonjwa wa Asali ya Ghala

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alikuwako mfalme aliyewapenda raia zake, ila usingizi aliupenda zaidi. Mfalme huyo alipiga mbiu kwamba kila nyumba ilete asali na samli ghalani kila mavuno, ili yeyote atakayeugua atibiwe bure. Katika kila vibuyu kumi, vinane viliwe na wagonjwa tu. Viwili ndivyo ujira wa waziri, mtunza ghala, na watu wake.

Basi Mwanaesha, mkewe Mbwarahaji, akashikwa na homa. Mbwarahaji alikuwa fukara asiye na kitu ila ulimi, lakini fungu lake alilipeleka kila mavuno bila kukosa. Akaenda ghalani kuomba dawa, naye waziri, huku akilamba vidole, akamwambia asali imekwisha. Akarudi nyumbani, akamwona mkewe anavyotetemeka, moyo ukamuuma sana. Ikawa hana budi kwenda kumshitaki waziri kwa mfalme.

Waziri akaapa kuwa asali yote imeliwa na wagonjwa. Mfalme, kwa hasira ya kuamshwa, akasema, "Ewe Mbwarahaji, umemvunjia waziri wangu heshima. Kesho nionyeshe hao wagonjwa walioila asali. Ukishindwa, utahama mji huu, wewe na mkeo." Na Mwanaesha hata mlangoni hakuweza kufika.

Kulipokucha baraza ikajaa watu. Mbwarahaji akaja na kitanda cha kamba kichwani, nyuma yake tabibu na bakuli la shubiri. Akakitua mbele ya waziri, akamwamkia kwa adabu, akamsihi alale.

Mfalme akauliza, "Huu ni wazimu gani?"

"Maulana, kwa amri yako vibuyu vinane katika kumi huliwa na mgonjwa tu. Waziri amevila pamoja na viwili vyake, na jiko lake lanukia mpaka sokoni. Basi ama ni mgonjwa, ama ni mwizi. Nami mtu mdogo sikuthubutu kumwita mwizi."

Mfalme akamgeukia waziri. "Sema mwenyewe, wewe u yupi?"

Waziri akautazama upanga wa askari, akaanza kukohoa. "Naumwa, Maulana," akasema, akajilaza.

Mfalme akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akaamuru mgonjwa wake anyweshwe shubiri asubuhi na jioni, wala asionje kitamu chochote, mpaka ghala lijae tena kwa mali yake mwenyewe. Kibuyu cha kwanza kikapelekwa kwa Mwanaesha siku ile ile, naye akapona kabla ya waziri. Maana waziri alikuwa bahili, na ugonjwa wa bahili hauishi upesi.