Kwa Nini Majivu Hayaombwi

Zamani, wakati hata majivu yalikuwa na mwenyewe, watu wa milimani walichukua moto katika nyumba moja tu, nyumba ya Kangero. Kila alfajiri wanawake walipanda kilimani na vigae, wakapewa makaa, wakashuka kupika. Kila jioni walipanda tena kurudisha majivu. Ndiyo, majivu! Kangero aliwaambia, "Moto huzaa jivu. Moto ni wangu, basi na mtoto wake ni wangu." Na watu wazima, wenye akili zao timamu, waliitikia! Kuni walikata wao, moshi waliumeza wao, lakini jivu likawa la Kangero.

Miongoni mwao alikuwepo Namkunda, mjane mwenye kibustani cha mnavu nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja binti yake Nakiete alijifungua, na maziwa yakawa haba. Mzazi wa milimani hulishwa mnavu ili maziwa yashuke, kwa hiyo kila jani la bustani ile lilikuwa chakula cha kile kichanga. Ndipo vidukari wakaingia. Walijazana chini ya majani, weusi, wakinyonya, hata majani yakajikunja na kunata. Namkunda aliwaminya kwa vidole mpaka kucha zikabadilika rangi. Alitwanga majani ya utupa, yale yenye sumu, akayaloweka, akanyunyizia maji yake. Mvua ikaja ikayaosha. Aling'oa miche iliyozidiwa, akaifukia mbali. Wapi! Vidukari walirudi, na mtoto akawa analia kutwa kwa njaa.

Kilichomchoma zaidi ni bustani ya Kangero. Ilikuwa imeenea ubavu mzima wa kilima, na mnavu wake ulisimama na majani mapana, safi, hayana hata doa. Akiulizwa siri yake, alijibu kwamba mizimu humheshimu mtunza moto. Watu wakaamini. Namkunda naye aliamini, maskini, akawa anajaza kigae chake cha jioni mpaka kinafurika, akidhani baraka itamfikia.

Asubuhi moja aliwahi kwenda kuchukua moto kabla ya wenzake, maana Nakiete alikuwa akihitaji uji. Alipozunguka nyuma ya nyumba ya Kangero alimkuta mke wa mwenye nyumba bustanini, amepakata ungo wenye majivu yaliyochekechwa yakawa laini. Alikuwa akiyanyunyiza kwa vidole juu ya majani yenye umande, kidogo kidogo, kisha anageuza kila jani na kulipaka upande wa chini. Penye jivu hapakuwa na kidukari hata mmoja.

"Dada," Namkunda alimwita, "hiyo ndiyo mizimu yenyewe?"

Yule mwanamke aliinamisha uso. "Usiseme, ndugu yangu. Atanifukuza."

Namkunda alishuka bila moto, kwa hasira. Miaka yote amembebea mtu dawa kichwani, ile ile aliyokuwa akiitafuta! Mjukuu wake analia njaa, na dawa imelala mekoni pake, karibu na kitanda cha mzazi! Hakungoja kupoa. Alichota majivu yaliyobaki mekoni tangu usiku, akayachekecha, akayanyunyizia mnavu kabla umande haujakauka.

Jioni kigae chake hakikuonekana kilimani. Kangero akashuka mwenyewe.

"Mama, majivu yangu yako wapi?"

"Yako kwenye mnavu, baba. Kama ni yako, kayalambe jani moja moja."

Waliosikia walishika vinywa. Kangero alipiga marufuku nyumba ile kupewa moto, akaongeza kwamba moto wa kuazima kwa jirani huzimika njiani. Namkunda akaenda kwa jirani mchana kweupe, akamsimulia aliyoyaona, akaomba kaa. Jirani alisita, kisha akampa. Kaa halikuzimika. Lilifika, likawaka, uji ukaiva. Watu walipoona moshi unatoka kwa Namkunda walielewa jinsi walivyochezewa, wakapandwa na hasira kama yake. Hakuna aliyepanda tena na kigae; makaa walipeana wenyewe kwa wenyewe.

Mnavu ukachipua upya. Nakiete akala, maziwa yakashuka, mtoto akanyamaza.

Huko kilimani, jivu la jiko moja halikutosha bustani kubwa namna ile. Vidukari wakaila. Siku moja Kangero akaonekana mlangoni kwa Namkunda, kigae mkononi, akianza kwa salamu ndefu.

"Mama, nimekuja kukuomba..."

Majirani walisogea, kila mtu akitaka kusikia atakavyotukanwa. Na matusi Namkunda alikuwa nayo, yamemjaa kinywani. Alimtazama yule mzee, akayameza.

"Usiniombe," alisema kwa hasira. "Ukiniomba nami nikakupa, nitakuwa nimekaa mahali pako. Meko yale pale. Chota uende."

Na tangu siku hiyo, milimani kule mtu huomba chumvi, huomba moto, huomba hata maji, lakini majivu hayaombwi. Jirani huingia na kigae chake, huchota mekoni, hutoka, na mwenye nyumba hageuki. Mgeni asiyejua akisimama mlangoni na kusema, "Naomba majivu," hujibiwa kwa ukali, "Kwani ni ya nani?"