Mapipa Manne ya Kitundu

Mwenye moto ndiye mwenye majivu. Bibi Namsifu alitujibu hivyo tulipomwambia kwamba tumemaliza kazi, kwa kuwa takataka zote za harusi tulikuwa tumezichoma nyuma ya nyumba. Tukamuuliza msemo huo ameutoa wapi. Akavuta kigoda, akaketi, akatueleza ulikoanzia. Maneno yake yalikuwa haya.

Kabla sijarudi kijijini nilikuwa mpishi katika kambi ya watafiti wa madini, nyikani karibu na Ziwa Eyasi. Mchana mmoja, nikiwa napakua wali, alitokea mzee wa Kidatoga ambaye hakuna aliyemfahamu, amebeba mbuzi mabegani. Hakutusalimu. Alimlaza yule mbuzi kando ya sufuria zangu, akampanua mdomo kwa kidole gumba. Ulimi ulikuwa umechanika, na kipande cha chupa kilikuwa kimekwama humo.

"Nani anawasha moto hapa?" aliuliza.

Sote tulimtazama Kitundu. Huyu alikuwa kijana wa Iramba, na kazi yake ilikuwa tanuru la kuchomea taka. Lilikuwa tanuru la chuma lenye magurudumu mawili. Gari lililivuta kila kambi ilipohamia. Kitundu alilipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake wa kwanza. Alilifuta vumbi kila asubuhi, akalitilia dizeli, akachoma kila kitu: makopo, chupa, betri za tochi, mabaki ya jikoni kwangu. Jioni alikokota majivu akayamwaga korongoni. Kitabu cha tanuru kilisema majivu yatiwe kwenye mapipa yenye vifuniko yapelekwe dampo la mjini, lakini msimamizi wa kambi alisema mji uko mbali. Kitundu naye hakuona ubaya. Kwao mama yake hutia majivu kwenye mboga.

"Moto ni wangu, mzee," alisema. "Lakini sisi ni watu safi. Tunachoma zote. Hutaona hata karatasi."

Yule mzee, jina lake Gidahuda, alifungua kiganja. Kilikuwa na majivu meupe, na ndani yake vigae vya chupa na vipande vya bati.

"Na haya ni ya nani?"

Kitundu aliokota kigae kimoja, akakigeuza.

"Korongo lile ndilo chumvi ya mifugo yangu," Gidahuda alisema. "Kiangazi hatuna pengine pa kulambisha. Nyumbani tukichoma mavi ya ng'ombe, mbuzi hulamba majivu, nasi hufurahi. Nilipoyaona yenu nikasema, hawa wageni wametuwekea kitu kizuri. Nikawapeleka mbuzi mwenyewe, kwa fimbo hii. Wawili wamekufa. Huyu ni wa tatu."

Msimamizi alitaka kujua anadai nini.

"Sidai kitu. Mwenye moto ndiye mwenye majivu. Aje ayachukue yaliyo yake."

Basi Kitundu akavua kofia. "Baba," alisema, "sitatoka nchi hii jivu langu likibaki korongoni."

Gidahuda akamwinua mbuzi wake, akaenda zake. Sijui kama alimwamini.

Kuanzia siku ile kila jioni baada ya kazi Kitundu alishuka korongoni na koleo na chekeche langu la unga. Nilimfokea. "We Kitundu, chapati nitachekechea nini, shati lako?" Wenzake walimcheka zaidi. "Jamani, Kitundu ameoa! Mkewe anaitwa Majivu!" Yeye alikwangua tu, akachekecha mchanga, akajaza pipa la kwanza, la pili, la tatu. Ilimchukua majuma matano. Pipa la nne lilipofungwa kifuniko, korongo lilikuwa na mchanga mtupu, na viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

Sasa, msidhani ni mapipa tu. Kitundu alikuwa na kitu kingine. Tangu mwanzo alikuwa akikusanya mbao za makasha ya vifaa, aking'oa misumari mmoja mmoja, kwa sababu chumba cha mama yake kilikuwa na gunia badala ya mlango, na dirisha lilikuwa tundu. Alizipanga nyuma ya hema, amezifunika turubai. Kila ubao aliuandika kwa mkaa: Mama. Alikuwa ameshamtumia salamu kwamba mbao zinakuja kabla ya mvua.

Kambi ilipovunjwa likaja lori moja. Tulipakia mahema na mitambo, na mwisho ikabaki nafasi ndogo nyuma.

"Mbao au mapipa," dereva akasema. "Vyote haviingii. Na sirudi huku tena."

"Mwaga hayo majivu, bwana," msimamizi akamwambia Kitundu. "Mzee mwenyewe amehamia malisho mengine. Nani ataona?"

Ni kweli, Gidahuda hakuwapo. Kulikuwa na sisi na upepo. Kitundu alisimama mbele ya mbao zake, akaugusa ule wa juu, akafuta neno kwa kiganja. Kisha akaviringisha pipa la kwanza hadi kwenye lori. Mimi nilimsaidia kwa la pili.

Kesho yake lori lilipita kwao. Mama yake alikuwa amefagia uwanja na kumwita fundi, na fundi alikuwa ameketi na randa yake mapajani. Mama alizunguka nyuma ya lori, akachungulia.

"Mwanangu, mbao ziko wapi?"

"Zimebaki, mama."

"Na haya mapipa?"

"Majivu. Yanakwenda dampo."

Mama alimtazama mwanawe, akalitazama lile gunia mlangoni. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

"Majivu ya nani hata yaache mbao zangu nyuma?"

"Yangu, mama," Kitundu alisema. "Mwenye moto ndiye mwenye majivu."