Gari la Viti Vitatu Mbele

Katika yadi ya Bwana Mbaruku kule Tanga, gari moja la familia lilikosa mnunuzi mwaka mzima. Lilikuwa pana kama kitanda, viti vitatu mbele na vitatu nyuma, na kila aliyeliona alicheka akaenda zake.

"Siwema, una maneno mengi," Mbaruku akamwambia mfagiaji wake, akitafuta kisa cha kumfukuza. "Liuze gari hili leo, la sivyo kesho usije."

Siwema akaegemeza ufagio, akatoka. Kabla ya adhuhuri Mzee Sheweji akafika akitweta, akalinunua bila kubishana bei.

"Umemwambia nini mzee wa watu?" Mbaruku akashangaa.

"Yeye sijaonana naye, tajiri. Niliwapitia wake zake wawili, nikawauliza: mkipanda gari la mume wenu, nani hukaa mbele?"