Kimya cha Mama Atuganile

Hapo zamani, si zamani za mababu bali hizi za juzi, za simu na kompyuta, palikuwa na binti wa chuo mjini Mbeya, jina lake Tumpe. Akaanzisha podikasti ya watu waliogombana wakapatana. Kurekodi alijua. Kuhariri hakujua hata pa kubonyeza.

Mgeni wake wa kwanza alikuwa Mama Atuganile, ambaye mdogo wake, Asajile, hakuja kumzika mama yao. Tumpe akamuuliza, "Mama, umemsamehe?" Mama akanyamaza. Akanyamaza sekunde kumi na moja. Tumpe alizihesabu kwenye kinasa sauti. Kisha akasema, "Nimemsamehe."

Lusajo, aliyemtangulia darasa, akamfundisha programu ya kuhariri. "Kimya ni adui, Tumpe. Msikilizaji akisikia kimya anadhani bando limeisha. Bonyeza hapa, programu inakata yenyewe."

Tumpe akabonyeza. Akasikiliza. Jibu sasa lilidandia swali. Zile sekunde kumi na moja hazikuwapo tena. Kurudisha alishafundishwa, ila hakurudisha, maana lilipendeza mno.

Akampelekea Mama asikilize kwanza. Mama akasikiliza mara mbili. "Irushe, mwanangu."

Wiki ya pili baada ya kuirusha, Tumpe na Lusajo walikwenda kumshukuru Mama. Hawajamaliza chai, mlango ukagongwa. Ni Asajile, na mkewe, na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, dada. Miaka sita naogopa mlango huu. Nikakusikia ukijibu bila kusita. Ungesita kidogo tu, nisingekuja."

Mama akawakaribisha kiti, akaingia jikoni. Vijana wakamfuata.

Tumpe akanong'ona, "Kosa ni langu. Niliona kimya kimekatwa, nikaacha. Nitamwambia mimi."

Lusajo akasema, "Nani alikuambia ubonyeze? Wewe hata kuhifadhi faili ulikuwa hujui. Niache niseme mimi."

"Mnagombania sauti ya nani?" akauliza Mama. "Nilisikia kimya changu hakipo. Nikampenda yule mama asiyesita, nikatamani awe mimi. Wa kusema ni mimi. Ila nikisema, ataondoka. Nisiposema, atakaa na mtu asiyemjua."

Tumpe akashika kitasa. Lusajo akamshika mkono. Mama akawazuia wote wawili.

Sebuleni Asajile akaita, "Dada, mbona kimya?"

Je, enyi mnaonisikiliza, kati ya watatu hao nani alistahili kutoka amjibu? Naye akitoka, amwambie nini?