Unyoya Katika Chimni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayekitaka kitu kwa dhati hana budi kuikubali taabu ya kukipata, hata ikiwa na aibu ndani yake. Mwelu wa Kitengela aliikariri methali hiyo tangu shuleni. Lakini methali ya kukariri haichafui magoti.

Ilikuwa Julai, mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, na upepo wa mbugani ulikata kama wembe. Purity, mke wa mwanawe Mumo, alikuwa amejifungua binti katika hospitali ya Kajiado, kitoto chepesi kama kifaranga. Wangeruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake kwa sharti moja: mtoto alale penye joto, pasipo moshi. Kwa desturi ya Wakamba mtoto angeitwa Mwelu, jina la nyanya yake, na nyanya alikwisha kumwandalia kikapu kando ya jiko la chuma lililopachikwa ndani ya meko ya mawe sebuleni.

Joto lilikuwapo. Moshi nao ulikuwapo. Kila kuni zilipowashwa, ulirudi chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Asubuhi hiyo Nalotuesha, mamake Purity, alifika kutoka Mashuuru kuikagua nyumba. Alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Mama Mumo," alisema akijipangusa kwa shuka, "kwetu nyumba haina chimni na moshi unajua njia. Hapa kwako moshi umepewa mpaka kiti. Mtoto nitaenda naye."

Mwelu alimsihi angoje hadi jioni.

Fundi Ouma alikuwa ameshajaribu mengi. Kuni mbichi zilibadilishwa kwa kavu, dirisha likafunguliwa ili moto upate hewa, chimni ikasuguliwa masizi tangu juu. Moshi ukarudi vilevile. Aliposhuka kutoka paani alisema chimni ni fupi, lazima iongezwe mawe, na kazi hiyo haiishi leo.

"Huko juu hakuna kitu, mama. Ni manyoya tu ya ndege," alisema, akafungua kiganja.

Mwelu aliutazama unyoya ule. Ulikuwa wa madoadoa, wa kuku wake mwenyewe.

"Ouma, umewahi kuona kuku akipanda chimni?"

Fundi alijibu kwamba labda kuku wa Ukambani. Mwelu hakucheka. Ikiwa kuku hakupanda, basi unyoya ulivutwa kutoka chini. Na chini ya chimni, upande wa nje, palikuwa na kijimlango cha chuma cha kuzolea masizi. Kilikuwa kimesahaulika, kwa sababu Mwelu alijenga kibanda cha kuku hapo hapo ili kuku wake waote joto la ukuta.

Mlango wa kibanda ulikuwa wa kuku, si wa binadamu. Ouma aliingiza bega moja likakwama, akashauri aitwe mtoto wa jirani.

"Mtoto ataona mavi ya kuku tu," alisema Mwelu. "Mimi ndiye najua ninachotafuta."

Akajifunga leso kichwani, akapiga yale magoti yake yenye baridi yabisi, akatambaa. Nalotuesha aliinama mlangoni akauliza kama mama Mumo anaenda kuatamia. Kuku walimzomea, mgongo ukamlilia, naye akasonga tu. Alipoufikia ukuta aliwasha kiberiti. Mwali ukalala, ukaelekea ukutani. Kijimlango kilikuwa kimeliwa na kutu, na chimni ilikuwa ikinywa upepo baridi hapo badala ya kuvuta moshi wa jiko.

"Nimekipata," alisema kutoka ndani.

Alipitishiwa kipande cha bati na udongo uliokandwa kwa majivu, akaziba tundu kwa mikono yake. Alitoka kinyumenyume, manyoya yamejaa kwenye leso. Ouma akachoma karatasi kwanza ili chimni ipate joto, kisha akatia kuni za mgunga. Moto ukanguruma. Moshi ukashika njia ya juu, usigeuke nyuma.

Nalotuesha alisogea karibu na jiko, akavuta pumzi ndefu, asikohoe.

"Kitendawili," Mwelu akamwambia.

"Tega."

"Niko na mgeni. Nikimwachia mlango wazi, haondoki. Nikiufunga, anaenda zake."

Nalotuesha alilitazama jiko, kisha akalitazama gauni la mwenzake, akaangua kicheko. "Ni moshi. Haya, mtoto alale hapa, mama Mumo. Lakini wewe uoge kwanza."

Kesho yake Mwelu mdogo alilala kikapuni, uso umetulia katika joto. Nyanya yake, ambaye mgongo wake ulikuwa umekataa kunyooka, alimchungulia akiwa bado amepinda vile vile. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.