Kindi na Kitufe cha Ndiyo

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa Kindi, fundi wa kompyuta, mkia mkubwa kuliko mwili. Mnamwona?

— Tunamwona!

— Basi mshikeni mkia asitutoroke.

Kindi alikuwa akiandika programu, ta-ta-ta-ta, vidole havipumziki. Sifa zake zikavuka mto zikamfikia Kiboko, mwenye kampuni kubwa huko ng'ambo. Kiboko akampigia simu.

"Njoo huku, mdogo wangu. Kibali nitakutafutia, nyumba nitakupa."

Akamtumia mkataba wa kurasa tisini.

"Mbona mrefu hivi, bosi?" Kindi akauliza.

"Mambo ya kawaida tu. Teremka mpaka chini, bonyeza NDIYO."

Kindi akateremka, akabonyeza. Pyu!

Kumbe ukurasa wa themanini na moja ulisema: Kindi atamfanyia kazi Kiboko tu kwa miaka saba, kibali chake kitakaa kwa Kiboko, na hatarudi kwao hata siku moja bila ruhusa.

Mwaka wa pili mama yake akaanza kuugua. Kila Jumapili alipiga simu. "Mwanangu, utakuja lini?" Na kila Jumatatu Kindi alikwenda kwa Kiboko, akamkuta anatafuna tikiti, kwachu, kwachu.

"Bosi, mama anaumwa. Naomba ruhusa."

"Mwaka wa saba, mdogo wangu. Ulikubali mwenyewe." Kwachu.

Kindi alilia, tusifichane. Alilia mpaka mkia ukalowa. Halafu akatulia, akamtazama bosi wake vizuri, akagundua jambo: Kiboko naye hasomi. Simu yake ikimuuliza lolote, anabonyeza NDIYO upesi ili arudi kwenye tikiti lake. Na programu ya simu hiyo anaiandika nani? Kindi.

Jumanne simu ikauliza: "Unakubali kwamba leo ni Jumanne?" Pyu!

Jumatano ikauliza: "Unakubali kwamba wewe ni mende?" Pyu!

Alhamisi ikaja na kurasa mia mbili. Kiboko akateremka mpaka chini, kwachu, kwachu. Pyu!

Ijumaa Kindi akafunga mizigo. Kiboko akamburuta mpaka kwa Korongo, afisa wa uhamiaji.

"Huyu anatoroka, afisa."

Kindi akatoa zile kurasa za Alhamisi. Korongo akavaa miwani, akasoma zote mia mbili. "Kibali chake umemwachia. Na nusu ya wateja wako umempa. Kidole kilichobonyeza ni chako?"

"Changu, lakini sikusoma."

"Hapa pia umekiri kwamba wewe ni mende," Korongo akasema, akagonga muhuri. Gwap!

Kindi akaenda kwao, akamuuguza mama yake mpaka akasimama. Kisha akarudi ng'ambo, akafungua kampuni yake. Kazi zikamzidi. Akampigia simu Panya Buku, fundi hodari wa kijijini kwao.

"Njoo huku, mdogo wangu."

"Mbona mkataba mrefu hivi, kaka?"

"Mambo ya kawaida tu," Kindi akasema. "Teremka mpaka chini."

Pyu!

— Yangu imeishia hapo, iliyobaki ni yenu. Funzo lake, wanangu: anayekuvusha mto ni ndugu yako, na ndugu haulizwi maswali. Nani anataka kuisikia tena kesho? Anyooshe kidole.

— Sisi sote!

— Vizuri. Kidole hicho hicho. Sasa bonyezeni hapa.