Ukuta wa Kaburi la Shee Muhidini

Inasimuliwa, na ujuzi wa yakini uko kwa Mola peke yake, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za mababu wa mababu zetu, alikuwapo mwashi mcha Mungu aitwaye Fundi Badi. Mwana Arafa, binti wa marehemu Shee Muhidini, alimwita amjengee msikiti kando ya kaburi la babake. Alikuwa ameweka nadhiri hiyo siku ya maziko, na ilimchukua miaka ishirini kuweza kuitimiza.

Haukuwa msikiti mkubwa. Safu nne za watu kumi kumi, nguzo mbili katikati, dari ya boriti za mkoko na chokaa, birika la kutawadhia mlangoni. Upande wa mashariki ulitumia ukuta uleule wa ua wa kaburi. Lakini mihrabu yake, pale asimamapo imamu kuelekea kibla, ilikuwa ya kustaajabisha. Badi aliichonga kwa tumbawe bichi kutoka baharini, ambalo likiwa na maji hukatika kama muhogo, na likishakauka hushinda patasi. Mwashi akikosea hapo, hana pa kurudi.

Kazi ilipokwisha, kabla ya sala ya kwanza, Badi alisimika uani kijiti cha kivuli, kama ilivyo ada ya misikiti ya huko, ili mwadhini aijue adhuhuri. Katika mji ule kibla iko kaskazini, na miezi ya kaskazi kivuli cha adhuhuri huelekea huko huko. Kilipaswa kulala sambamba na ukuta wa mashariki. Hakikulala. Kilikwenda upande, hatua tatu kwa kila hatua kumi. Akapima siku ya pili, na ya tatu. Kivuli kikawa kilekile.

Badi alijua kosa limetoka wapi. Msikiti hakuupimia kibla. Aliuvutia kamba kutoka ukuta wa kaburi, kama walivyofanya waashi wote wa mji ule, kwa kuwa maiti hulazwa akielekea kibla, na nani atalikosoa kaburi? Na kaburi lile alilipima yeye mwenyewe, akiwa kijana, siku ya masika, mvua inamwagika na jua halionekani. Alikisia. Mwana Arafa alipomtumia mtu kumuuliza kama ana hakika, aliona haya kusema hajui. Akajibu kwamba anayo.

Badi alimweleza shemeji yake Kombo, aliyekuwa akimchomea chokaa. Kombo akatazama huku na huku.

"Nyamaza, shemeji. Yaliyopita si ndwele. Mungu hutazama nia, na watu wataswali kwa nia njema."

"Wao ndiyo. Mimi nitaswali kwa nia gani?"

"Basi ivunje mihrabu, useme ina ufa, ujenge nyingine. La kaburi liache na mwenyewe. Nani atajua?"

Ajabu ya maneno ya dini ni kwamba hata mwenye kuficha uovu huyapata tayari. Badi alikaa na ushauri ule siku saba. Tusimfanye malaika: mara mbili alishika nyundo kwenda kuvunja kimya kimya. Kilichomzuia ni kwamba kila Alhamisi Mwana Arafa alikuja kumsomea babake Yasini, na alikaa ameelekea palepale alipoamini babake anaelekea.

Alhamisi iliyofuata Badi alimngoja amalize kisomo, akamwambia yote: kivuli, kamba, mvua, na uongo wake. Mwana Arafa aliweka kiganja juu ya kaburi.

"Anaweza kugeuzwa?"

"Nimemuuliza kadhi, Mwana. Miaka ishirini ni mingi. Amesema mifupa isifukuliwe."

"Basi ndivyo atakavyolala mpaka Kiyama."

"Ndivyo, Mwana."

"Siku ile nilikutumia mtu, Fundi. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Badi aliivunja mihrabu kwa mkono wake, siku tatu nzima. Ya pili aliijenga kwa mawe ya kawaida, imekaa mshazari, kwani kuta hazikuwa na la kufanywa. Safu zikakata chumba kombokombo, na msikiti wa watu arubaini ukawa hautoshi watu thelathini. Mji nao haukumsifu. Kila aliyepimiwa na Badi kaburi la mtu wake alikwenda makaburini na kijiti, na hata wale waliokuta makaburi yao sawa hawakumpa kazi tena. Kombo akahamia kwa mwashi mwingine.

Siku ya sala ya kwanza, watu walipotawanyika, Badi alimfuata Mwana Arafa hadi mlangoni pake akamwomba radhi.

"La msikiti nimekusamehe," akasema bibi yule. "Umenambia kweli, Mungu akujazi kheri. La babangu si langu kulisamehe. Mwenye haki ni yeye. Utakutana naye, umwombe mwenyewe."

Akaingia, akafunga mlango. Hakusema naye tena mpaka kufa kwake.

Nimewasikia walimu wakimaliza kisa hiki kwa kusema kwamba Badi alilipwa heshima na mali hapa hapa duniani. Hawana ushahidi, ni huruma yao tu. Kweli ilimwajibikia hata baada ya miaka ishirini, naye alifanya vema kuisema, na tunatarajia apate rehema. Lakini haikumgeuza Shee Muhidini. Siku ile ya mvua, neno "sijui" lingemgharimu haya ya saa moja. Mola atujaalie tuwahi kulisema maiti akiwa bado juu ya jeneza.